Kauli na Mwenye Kauli: Historia ya Kutaja Marejeo katika Elimu ya Kiislamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo,

Makala nyingi zinazotufikia kutoka kwa ndugu zetu maimamu na wanafunzi zimeandikwa kwa juhudi kubwa, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini tunapofika chini ya ukurasa, mahali pa marejeo, ndipo mashaka yanapoanza. Mmoja ataandika "amepokea Bukhari" kisha akanyamaza. Wa pili ataandika Fat-hul Bari, juzuu na ukurasa, bila ya kusema ni chapa gani. Wa tatu ataweka jina la Ibn Hajar peke yake, na msomaji hajui kama ni Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), au Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria (1567). Mmoja ni bingwa wa hadithi, wa pili ni nguzo ya fatwa katika madhehebu yetu ya Shafi, na baina yao ipo zaidi ya miaka 100. Tukiwarudishia waandishi miswada yao wakaitengeneze, wapo wanaotuona kuwa tunawabebesha desturi za vyuo vikuu vya Kizungu, za tanbihi na mabano na nukta.

Makala hii ni jawabu yetu kwao. Tumependa kujibu kwa njia ya historia, kwani mwenye kuitazama historia ya elimu yetu ataona kwamba kutaja ulikoitoa kauli hatukukopa kwa mtu. Ule mwongozo wa uandishi wa Chuo Kikuu cha Chicago, unaofuatwa na majarida mengi ya kitaaluma, ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Wakati huo wanavyuoni wetu walikuwa wameshamaliza karne nyingi wakiandika marejeo, wakiyafupisha kwa herufi, wakikosoana juu yake, na hata wakishitakiana.

Tangu fitina ilipotokea

Imam Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake amempokea Muhammad bin Sirin, Tabii wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria (729), akieleza kwamba mwanzoni watu hawakuwa na desturi ya kuuliza isnadi. Fitina ilipotokea ndipo walipotaka watajiwe majina ya wapokezi, ili hadithi za watu wa Sunna zichukuliwe na za watu wa bid'a ziachwe. Wanavyuoni wamekhitalifiana ni fitina gani aliyoikusudia. Wengi wanaitaja ile iliyofuatia kuuawa kwa Sayyidna Uthman (R.A.) mwaka 35 Hijria (656), na wapo wanaosema ni ya baadaye. Vyovyote iwavyo, rejea katika umma huu ilizaliwa siku za damu, pale kila kundi lilipokuwa likitafuta neno la Mtume (S.A.W.) la kuliegemea. Ndiyo maana Abdullah bin al-Mubarak (amefariki 181 Hijria / 797) aliihesabu isnadi kuwa ni katika dini yenyewe, na akaona kwamba lau si hiyo kila mtu angelijisemea alitakalo.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika Muwatta ya Imam Malik (amefariki 179 Hijria / 795). Humo zimo hadithi ambazo Imam amezitaja kwa kusema kwamba zimemfikia tu, bila ya kutaja wapokezi wake. Ni Imam Malik, Imam wa Madina, na nani angemtilia shaka? Hata hivyo Ibn Abdil Barr wa Andalusia (amefariki 463 Hijria / 1071) alikaa katika kitabu chake At-Tamhid akiziunganisha isnadi hizo moja baada ya moja, mpaka zikambakia nne asizozipata. Akaja Ibn as-Salah wa Damascus (amefariki 643 Hijria / 1245), akaandika risala ya kuziunganisha hizo nne. Zaidi ya miaka 400 ya Hijria ilikuwa imepita tangu Imam Malik alipozikwa Baqi, na bado mtu anamtafutia rejea nne zilizokosekana!

Na rejea ilikuwa na daraja zake. Aliyesikia kwa sheikh wake akisoma alisema haddathana, na aliyemsomea sheikh naye akisikiliza alisema akhbarana. Imam Muslim alizichunga sana tofauti hizi, ilhali Bukhari aliona maana zake ni moja. Waandishi walipochoka kuyaandika maneno hayo kwa ukamilifu waliyakata, ya kwanza ikawa thana au na tu, ya pili ikawa ana. Pale Imam Muslim anapohama kutoka isnadi moja kwenda nyingine huiweka herufi haa peke yake katikati ya mstari. Mwanafunzi anayefungua Sahihi yake kwa mara ya kwanza huishangaa herufi ile, na walimu wetu humwambia aitamke kama ilivyo kisha aendelee na kusoma.

Kusikia kwa mtu na kuokota katika kitabu

Vitabu vilipoenea lilikuja swali jipya. Mtu akikikuta kitabu cha mwanachuoni, hakumsikia wala hakupewa ijaza naye, atasemaje? Wanavyuoni wa hadithi wakaliita jambo hili wijada, na Ibn as-Salah amelipangia adabu ambazo sisi tunaziona ndizo asili ya tanbihi. Kwa mujibu wake, mtu asiseme moja kwa moja kuwa fulani amesema kadhaa mpaka awe na hakika na nakala aliyo nayo, kwa kuwa imelinganishwa na asili. Ikiwa hana hakika hiyo, basi aseme imemfikia kutoka kwa fulani, au ameikuta katika nakala ya kitabu cha fulani. Na yeye mwenyewe analalamika kwamba watu wa zama zake walikuwa wameshaanza kulegea katika hilo. Hizo ni zama za karne ya 7 Hijria, kabla ya mtambo wa chapa kufika katika miji yetu, kabla ya mashine ya kutoa kopi na kabla ya simu ya mkononi.

Kabla ya kuendelea kuna jambo moja la lugha linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Wanavyuoni wa zamani waliiweka hukumu ya hadithi ndani ya namna ya kuitaja. Hadithi iliyothibiti hutajwa kwa tamko la kukata, na iliyo dhaifu hutajwa kwa tamko la kulegeza, kama ruwiya. Imam Bukhari amefanya hivyo katika zile hadithi alizozitaja bila ya isnadi kamili. Imam Nawawi (amefariki 676 Hijria / 1277) katika utangulizi wa Al-Majmu amewalaumu waandishi wa fiqhi walioyachanganya matamko hayo. Al-Mundhiri (amefariki 656 Hijria / 1258) katika At-Targhib wat-Tarhib aliufanya kuwa ndio mpango wa kitabu kizima: hadithi aliyoianza kwa an, yaani kutoka kwa fulani, ina hali moja, na aliyoianza kwa ruwiya ina hali nyingine, nayo ni ishara ya udhaifu. Sasa hebu tutazame tafsiri zetu. Hii tunaiandika "imepokewa kutoka kwa", na ile pia tunaiandika "imepokewa kutoka kwa". Neno moja limeifuta hukumu yote ya al-Mundhiri, na msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba mwenye kitabu alimtahadharisha.

Mfano wa karibu ni ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata Uchina, inayosikika katika hotuba na kuandikwa katika kuta za madrasa. Wanaoiandikia rejea husema ameipokea Bayhaqi katika Shu'abul Iman, na ni kweli ameipokea. Lakini Bayhaqi (amefariki 458 Hijria / 1066) pale pale ameeleza kwamba matini yake ni mashuhuri na isnadi yake ni dhaifu, na kwamba njia zake nyingine nazo ni dhaifu. Ibn al-Jawzi (amefariki 597 Hijria / 1201) yeye ameitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Basi mwenye kuandika "ameipokea Bayhaqi" akaishia hapo ameitoa rejea ya kweli na amempoteza msomaji. Tena amemdhulumu Bayhaqi mwenyewe, kwa kumkata ulimi katikati ya maneno yake.

Watu wawili juu ya vitabu vile vile

Vitabu vya fiqhi na vya kulainisha nyoyo vilikuwa vikizitaja hadithi bila ya isnadi, kwa kuwa wenyewe waliwaandikia watu wanaojua. Zama zilipobadilika ikahitajika kazi ya kuzitafutia asili zake, na ndiyo iitwayo takhriji. Karne ya 8 Hijria ndiyo iliyokuwa karne yake, na hapa kuna habari inayopendeza.

Jamalud Din Abdullah az-Zayla'i, aliyefariki Cairo mwaka 762 Hijria (1360), nisba yake inarejea Zayla, bandari ya pwani ya Somalia. Yeye alizifanyia kazi hadithi za Al-Hidaya, kitabu cha fiqhi ya Hanafi cha al-Marghinani (amefariki 593 Hijria / 1197), na akakiita kitabu chake Nasbur Raya. Wakati huo huo Zaynud Din al-Iraqi (amefariki 806 Hijria / 1404) alikuwa akizitafutia asili hadithi za Ihyaa Ulumid Din ya Imam Ghazali. Ibn Hajar al-Asqalani, mwanafunzi wa al-Iraqi, amesimulia kwamba sheikh wake alimweleza kuwa wawili hao walikuwa wakishirikiana kuvisoma vitabu vya hadithi, na kila mmoja akimsaidia mwenziwe. Huyu anatafuta ya Hanafi, huyu anatafuta ya Ghazali, na akipata mmoja kinachomhusu mwingine humpa. Kila tunapokifungua kitabu cha Ihyaa tukaona maelezo ya al-Iraqi chini ya ukurasa, humkumbuka na yule mtu wa Zayla aliyekaa naye.

Az-Zayla'i alikuwa na adabu nyingine. Hadithi aliyokuwa hakuipata popote hakuificha, bali aliandika kuwa ni gharib, yaani ngeni, na waliomfuata wakafahamu kuwa amekusudia hakuipata. Baada ya zaidi ya karne moja Qasim bin Qutlubugha (amefariki 879 Hijria / 1474) aliandika kitabu kizima juu ya yale yaliyompita az-Zayla'i. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu az-Zayla'i alikuwa ameziacha nafasi zake wazi. Aliyeziba nafasi kwa rejea ya kubuni hamwachii mtu wa baada yake pa kuanzia.

Mashitaka ya Suyuti

Al-Qurtubi (amefariki 671 Hijria / 1273) katika utangulizi wa Tafsiri yake alijiwekea sharti kwamba ataziegemeza kauli kwa wasemaji wake na hadithi kwa wenye vitabu vyake, kwani ilikuwa ikisemwa kuwa baraka ya elimu imo katika kufanya hivyo. Jalalud Din as-Suyuti (amefariki 911 Hijria / 1505) ndiye aliyelishikilia jambo hili kuliko wengi. Wapinzani wake walimtuhumu yeye kwa kuchukua vya watu, naye akaandika risala ya kupambanua baina ya mtunzi na mwizi, dhidi ya mtu aliyechukua kutoka vitabu vyake bila ya kumtaja.

Kisa chake na Shihabud Din al-Qastallani (amefariki 923 Hijria / 1517) kimehifadhiwa na Abdul Qadir al-Aydarus (amefariki 1038 Hijria / 1628), katika masharifu wa Hadhramaut waliohamia India, ndani ya An-Nurus Safir. Al-Qastallani ni mtu mkubwa. Ndiye mwenye sherehe ya Bukhari na mwenye Al-Mawahib al-Laduniyya katika sira ya Mtume (S.A.W.). Suyuti alidai kwamba al-Qastallani anachukua kutoka vitabu vyake na hamtaji, na dai hilo likapelekwa mbele ya Sheikhul Islam Zakariyya al-Ansari (amefariki 926 Hijria / 1520). Akatakiwa alete ushahidi. Suyuti akaonyesha mahali ambapo al-Qastallani amenukuu kutoka kwa Bayhaqi. Kisha akasema kwamba Bayhaqi ana vitabu vingi, basi mwenzake huyu na aseme ameitoa katika kitabu gani, ili ijulikane kuwa kweli amekisoma. Hoja yake ilikuwa kwamba al-Qastallani ameiona nukuu hiyo katika vitabu vyake yeye Suyuti, akaichukua, kisha akamtaja Bayhaqi kana kwamba amemsoma mwenyewe. Lililompasa ni kusema kuwa Suyuti amenukuu kutoka kwa Bayhaqi.

Ndugu msomaji, litazame dai lenyewe. Nukuu ilikuwa sahihi, Bayhaqi kweli alisema, na hakuna uongo katika matini. Kilichomuuma Suyuti ni ile njia iliyofichwa baina ya msomaji na Bayhaqi, njia iliyopita katika jasho lake.

Inasimuliwa pia, kwa upokezi wa Jarullah bin Fahd wa Makka, kwamba baadaye al-Qastallani alitaka kuuondoa uchungu uliokuwa moyoni mwa Suyuti. Akatoka Cairo kwa miguu mpaka Rawda, kile kisiwa cha mto Nili ambako Suyuti alikuwa amejitenga na watu. Akabisha hodi. Alipoulizwa ni nani, akajitaja, akaeleza kuwa amekuja miguu mitupu na kichwa wazi ili apate radhi yake. Suyuti akamjibu kutoka ndani kuwa moyo wake umeshamridhia. Lakini mlango hakuufungua, wala hakuonana naye.

Sisi hatuna haja ya kuhukumu baina ya maimamu wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Tunachosema ni kwamba makala tunazoletewa nyingi zinanukuu Fat-hul Bari kutoka katika kitabu cha mtu wa zama zetu, kisha chini panaandikwa Fat-hul Bari tu. Suyuti angetupeleka sote kwa Sheikhul Islam.

Herufi na mitego yake

Wingi wa marejeo uliwalazimisha wanavyuoni kufupisha. Imam Ghazali (amefariki 505 Hijria / 1111) katika Al-Wajiz aliweka herufi kwa wino mwekundu juu ya maneno: mim kwa khilafu ya Imam Malik, haa kwa Abu Hanifa, zay kwa Muzani. Imam Nawawi katika Minhajut Talibin, anapoongeza la kwake juu ya maneno ya Rafi'i, huanza kwa qultu na humaliza kwa wallahu a'lam, ili maneno ya watu wawili yasichanganyike. Alama za kufungua na kufunga usemi hazikuwako, na katika sherehe na hashiya zilizokuja baadaye mwisho wa nukuu huonyeshwa kwa herufi mbili, alif na haa, mkato wa neno intaha, yaani imekwisha.

Aliyeufikisha mpango huu mbali ni al-Mizzi wa Damascus (amefariki 742 Hijria / 1341). Kitabu chake Tuhfatul Ashraf ni faharasa ya vitabu sita vya hadithi, iliyopangwa kwa majina ya Maswahaba kisha kwa waliopokea kutoka kwao. Hutaja kipande cha mwanzo wa hadithi na mbele yake huweka herufi: khaa kwa Bukhari, mim kwa Muslim, dal kwa Abu Dawud, taa kwa Tirmidhi, sin kwa Nasai, na qaf kwa Ibn Majah, kwa kuwa Ibn Majah ni mtu wa Qazwin. Iliyomo katika vitabu vyote sita huwekewa ayn.

Zaidi ya karne moja baadaye Suyuti akaandika Al-Jamius Saghir, yenye hadithi zaidi ya 10,000, naye akaweka herufi zake. Kwake qaf ni hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim! Ibn Majah akampa haa. Nasai akawa nun. Na ayn, ambayo kwa al-Mizzi ni vitabu vyote sita, kwa Suyuti ni Musnad ya Abu Ya'la peke yake. Basi mwanafunzi aliyezoea herufi za Al-Jamius Saghir akifungua kitabu cha al-Mizzi, au Taqribut Tahdhib ya Ibn Hajar inayofuata mpango wa al-Mizzi, akakuta qaf, ataandika kwa raha kuwa ni ya Bukhari na Muslim, ilhali ni ya Ibn Majah. Hatusemi haya kwa kudhania. Mswada wenye kosa hilo umewahi kupita mikononi mwetu, na sisi wenyewe tuliusoma mara mbili kabla ya kulitambua.

Herufi zina udhaifu mwingine, nao ni mkono wa mnakili. Suyuti aliweka alama fupi za kuonyesha hadithi ipi ni sahihi, ipi ni hasan na ipi ni dhaifu. Al-Munawi (amefariki 1031 Hijria / 1622), mwenye kukisherehesha kitabu hicho, ametahadharisha kwamba alama hizo zisitegemewe, kwa kuwa wanakili wamezipotoa. Bado hadi leo tunawaona wanaoandika "Suyuti ameisahihisha" kwa kutegemea alama hiyo tu.

Katika fiqhi yetu hali ni hiyo hiyo. Ndani ya hashiya za Kishafi mim na raa ni Muhammad ar-Ramli, ayn na shin ni ash-Shabramallisi, qaf na lam ni al-Qalyubi, na haa na lam ni al-Halabi, ingawa haa na lam kwa Suyuti ni kitabu cha Hilyatul Awliyaa. Bughyatul Mustarshidin ya Sayyid Abdurrahman al-Mashhur, mufti wa Tarim aliyefariki mwaka 1320 Hijria (1902), huanza kila mas'ala kwa herufi ya aliyetoa fatwa: yaa ni Abdullah bin Umar bin Yahya, jim ni al-Jufri, kaf ni al-Kurdi. Kwa hiyo mwenye kuandika "al-Mashhur amesema" kila anaponukuu Bughya huwa ameinasibisha fatwa kwa aliyeikusanya, akamwacha aliyeitoa.

Hata majina yaliyo wazi yana mitego. Ash-Shaykhan kwa watu wa hadithi ni Bukhari na Muslim, kwa Mashafi ni Rafi'i na Nawawi, na kwa Mahanafi ni Abu Hanifa na Abu Yusuf. Muttafaqun alayhi katika Bulughul Maram ni Bukhari na Muslim, lakini katika Muntaqal Akhbar, ambayo sherehe yake ni Naylul Awtar ya ash-Shawkani, huwa pamoja nao Imam Ahmad. Waandishi wa vitabu hivyo wote wamezieleza istilahi zao katika utangulizi. Tatizo ni kwamba utangulizi ndio unaorukwa.

Nambari za chapa

Chapa ilipokuja ilidhaniwa kuwa shida imekwisha, kwani sasa kuna ukurasa na nambari. Sahihi Bukhari iliyochapwa Bulaq, Cairo, kwa amri ya Sultan Abdulhamid wa Pili baina ya mwaka 1311 na 1313 Hijria haikuwa na nambari za hadithi. Muhammad Fuad Abdul Baqi wa Misri (1882–1968) ndiye aliyeifanya kazi kubwa ya kuhesabu. Kwa hesabu yake Bukhari ina hadithi 7,563. Ibn as-Salah alikuwa amezihesabu 7,275, na Ibn Hajar akapata 7,397. Bukhari ni yule yule, aliyebadilika ni mhesabuji na anachokihesabu. Muslim kwa hesabu ya Abdul Baqi ina 3,033, lakini wapo waliohesabu kila njia ya isnadi wakapita 7,000.

Hadithi ya Jibril, kwa mfano, katika chapa ya Abdul Baqi ni ya 8 kwa hesabu ya kitabu kizima na ni ya 1 ndani ya Kitabul Iman, na nambari zote mbili zimeandikwa mbele yake. Musnad ya Imam Ahmad ni ngumu zaidi. Chapa ya Maymaniyya ya mwaka 1313 Hijria ina juzuu 6, na hiyo ndiyo iliyotumika katika ile faharasa kubwa ya maneno ya hadithi iliyotolewa Leiden na Wensinck na wenzake baina ya mwaka 1936 na 1988. Chapa iliyosimamiwa na Shuayb al-Arnaut ina juzuu 50. Mtu akikuandikia "Ahmad, juzuu ya 5" bila ya chapa, amekuachia bahari.

Kisha ikaja kompyuta. Programu ya Al-Maktabatush Shamila, iliyoenea tangu miaka ya 2000, imeviweka maelfu ya vitabu katika meza ya imamu wa kijijini, na hiyo ni neema kubwa. Lakini mwenye kuitumia asome kadi ya kitabu kwanza. Vingine vimeandikwa kuwa kurasa zake zinaafikiana na chapa, na vingine vimeandikwa waziwazi kuwa haziafikiani, maana zimehesabiwa na mashine. Ukurasa wa namna hiyo hauko katika kitabu chochote duniani.

Kwa hivyo anayetuletea makala tunamwomba ataje mwandishi kwa nisba inayomtenga na wenzake, kitabu, mlango, nambari ya hadithi na ni hesabu ya nani. Kwa mfano: Muslim, Kitabul Iman, hadithi ya 8, hesabu ya Abdul Baqi. Kwa vitabu vya fiqhi na sherehe ataje juzuu, ukurasa, mchapishaji, mji na mwaka, wa Hijria au wa Miladia kama ulivyoandikwa katika kitabu chenyewe. Aliyoitaja Bukhari bila ya isnadi kamili iandikwe kuwa ni mu'allaq. Herufi za mkato zifunguliwe, liandikwe jina kamili. Ikiwa hadithi ina kauli ya udhaifu kutoka kwa huyo huyo aliyeipokea, kauli hiyo iandikwe pamoja nayo. Na ambaye kitabu hakukishika mkononi aandike amekinukuu kupitia kwa nani, kama Suyuti alivyotaka kwa al-Qastallani. Miswada ya toleo lijalo itapokelewa kwa utaratibu huu, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.